Umeitwa mtihani wa kazi ya maketing kwa shirika la serikali? Jipange hivi

Shirika la serikali likitangaza nafasi mbili za ofisa wa maketing hapa Nairobi, maombi yanaingia kwa magunia, na hakuna paneli inaweza kukaa chini iongee na watu wote hao, ndo maana mashirika mengi siku hizi yanaanza na mtihani wa kuandika alafu wale wa juu ndo wanaitwa intavyuu. Na kuna kitu huniuma sana nikiongea na vijana wenye wameanguka hii mitihani. Unakuta ni mtu anajua kazi vizuri, ameuza vitu mtaani, ameendesha kampeni, lakini aliingia pale akidhani ataulizwa maketing peke yake. Mtihani wa shirika la umma unaangalia mambo mawili: kama unaweza kufikiria haraka na hesabu na maandishi huku saa inakukimbiza, na kama unaelewa kwamba pesa utakayotumia kutangaza ni ya mwananchi. Hapo pa pili ndo wengi hawajiandai kabisa.

Anza na tangazo lenyewe. Utalipata kwa gazeti la MyGov la Jumanne ama kwa tovuti ya shirika, lisome polepole, na hapo kwa majukumu chukulia kila sentensi ni swali linakungoja. Wakiandika kuandaa bajeti, tarajia hesabu ya bajeti. Wakiandika utafiti wa soko, tarajia majedwali na grafu. Wakisema lazima uwe mwanachama wa Marketing Society of Kenya na bado haujajiandikisha, shughulikia hio leo, juu hio haingoji mtihani, unachujwa kwa makaratasi kabla hata ujulikane unajua nini. Na ukipata meseji kwamba utume pesa kidogo kwa M-Pesa ndo jina lako liingie kwa listi ya mtihani, huyo ni mwizi, achana naye. Kwa Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa na anayepokea wote wana makosa, sasa hebu fikiria kuanza kazi ya serikali na kesi.

Makaratasi ya clearance nayo, yaani yale ya kuonyesha hauna deni wala kesi, nitapita haraka. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri hafai kukudai hizo cheti mpaka awe na nia ya kukupa kazi, kwa hivyo usikope pesa uzikimbilie zote kabla ya mtihani. Jua tu zile zinaitishwaga: ya KRA ya kodi, ya HELB ya mkopo wa masomo, barua ya tabia njema ya DCI, ripoti ya CRB ya vile unalipa mikopo na fomu ya EACC ya maadili. Kama una deni la HELB lenye haujaligusa, anza kuongea nao mapema.

Sasa hesabu, juu hapo ndo watu wa maketing wanamwaga unga. Zenyewe si ngumu, ni asilimia, uwiano na kusoma jedwali, vitu ulifanya hai skul. Shida ni wakati. Ukipewa maswali 40 kwa dakika 40 na ukwame kwa swali moja dakika tano, umepoteza mengine manne ya bure. Na wanaotunga wanajua haraka yako itakupeleka wapi. Angalia hii: bidhaa inauzwa shilingi 5,800 pamoja na VAT ya asilimia 16, bei kabla ya kodi ni ngapi? Mwenye haraka anachukua asilimia 16 ya 5,800, anatoa, anapata 4,872, na hio 4,872 utaikuta pale kwa machaguo imekaa imetulia. Jibu ni kugawanya 5,800 kwa 1.16, unapata 5,000. Ama hii: sehemu yetu ya soko imetoka asilimia 20 ikafika 25, imepanda kwa kiasi gani? Wakiuliza pointi, ni 5. Wakiuliza ongezeko kwa asilimia, ni 25. Soma neno kwa neno.

Kuna aina moja ya swali nataka uikalie kabisa juu inafanana sana na kazi yenyewe. Shirika limetumia shilingi milioni 2.4 kwa redio likapata wateja wapya 6,000, alafu shilingi 900,000 kwa mitandao likapata 1,800. Njia gani ilikuwa na gharama ndogo kwa kila mteja? Unagawanya, redio ni shilingi 400 kwa kila mteja, mitandao ni 500, unaandika redio. Alafu swali linaendelea: baada ya miezi mitatu, wateja wa redio waliobaki ni asilimia 40, wa mitandao ni asilimia 75. Hapo redio imebaki na watu 2,400 na kila mmoja amegharimu shilingi 1,000, mitandao imebaki na 1,350 na kila mmoja ni kama shilingi 667. Jibu limegeuka. Mtu amezoea hii hesabu hatababaika, na hata kwa intavyuu ataongea kuhusu kampeni kama mtu wa kuaminiwa na bajeti.

Ya mazoezi hauhitaji kununua vitabu vya bei. Chukua Economic Survey ya KNBS, lile shirika la takwimu la serikali, inatoka kila mwaka na iko bure kwa tovuti yao, fungua jedwali lolote, jiulize maswali kumi, weka stopwochi ya simu. Siku zingine fanya bila kalkuleta juu kuna vyumba vya mtihani haviruhusu. Kama kwenu kuna kelele, enda maktaba ya McMillan pale Banda Street, ama ile ya taifa Upper Hill, ama tawi la Buruburu kama uko Eastlands. Kidogo kila siku inashinda kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani.

Sehemu ya kusoma na kuelewa ina mtego mmoja mkubwa. Unapewa kifungu alafu sentensi, useme ni kweli, si kweli, ama haiwezi kujulikana. Mtihani wenyewe utakuwa kwa Kizungu lakini mfano uende hivi: kifungu kinasema mauzo ya Nakuru yalipanda mwaka huu, na shirika lilifungua tawi jipya Nakuru mwezi wa pili. Sentensi inasema tawi jipya ndilo liliongeza mauzo. Wewe mtu wa maketing kichwa kinakwambia ndio kabisa, bila shaka. Lakini kifungu hakijasema hivyo, pengine bei ilishuka, pengine mshindani alifunga. Jibu ni haiwezi kujulikana. Ujuzi wako uache mlangoni hapo, jibu kwa yale yameandikwa tu.

Alafu kuna maswali ya utafanya nini. Bosi anakwambia kazi ya kuchapisha tishati za maonyesho ipewe kampuni ya shemeji yake juu wakati umeisha. Machaguo yatakuwa kunyamaza na kufuata, kukimbia kwa magazeti, kumwambia bosi kwa heshima kwamba kuna mgongano wa maslahi na kazi ipitie ofisi ya manunuzi, ama kukataa na kuondoka. Ile ya tatu ndo wanatafuta. Na kama unasoma noti za zamani zenye zinataja tu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, jua kwamba mwaka wa 2025 ilikuja Sheria ya Mgongano wa Maslahi ikachukua nafasi yake. Ukiitaja kwa usahihi mahali pa kuandika maelezo, anayesahihisha anaona huyu amejishughulisha.

Sasa kulijua shirika, na hapa naomba usipite mbio. Watu wanakariri maono na dhamira kutoka kwa tovuti, hio kila mtu atakuwa nayo. Wewe jiulize shirika hili linauzia nani, na huyo mtu ana chaguo lingine? Chukua Kenya Power. Mtu wa Pipeline ama Kawangware hana pengine pa kununua tokeni, sasa ofisa wa maketing anauza nini? Anauza matumizi. Ndo maana walikuja na kampeni ya Pika na Power ya kuhimiza watu wapike na stima, na ndo maana kuna bei nafuu ya usiku kwa viwanda, juu watu wakilala stima inabaki bila mnunuzi. Ukienda Kenya Tourism Board na ile Magical Kenya yao mambo ni mengine, hawauzi chumba wala safari, wanauza nchi, pesa inaingia kwa hoteli na kampuni za watalii, na wanamgombania mgeni mmoja na Tanzania na Afrika Kusini. Posta nayo inashindana na kampuni za basi zenye zinabeba vifurushi mpaka Kisumu usiku huohuo na mtu wa boda anayekuletea mzigo mlangoni. Mtu amekariri zile P saba za maketing (bidhaa, bei, mahali na kadhalika) bila kuelewa hii tofauti ataandika jibu moja kwa wote watatu, na litasomeka hivyo.

Tafuta mpango mkakati wa shirika, ule mkataba wa huduma kwa mwananchi wenye hubandikwa ukutani, na muhimu kabisa tafuta ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali juu ya hilo shirika. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30 na ripoti zinawekwa wazi kwa tovuti ya ofisi yake. Watu wa maketing hawazisomi, na hapo ndo utaona madeni ya wateja, mapato yaliyokosa kufika lengo, miradi iliyokwama, yaani shida zenyewe zenye paneli inalala ikiwaza.

Hio kazi yote inakulipa kwa swali la mwisho, lile la kuandika. Tuseme umeambiwa: huduma mpya ya shirika haijulikani kaunti za nje, una shilingi milioni 3 na miezi sita, andika mpango kwa ukurasa mmoja. Wengi wanaanza na bilibodi ya Uhuru Highway na mainflwensa, yaani mtu wa Lodwar atangaziwe na bango lenye hatawahi kuliona. Wewe anza na nani hajafikiwa na kwa nini, sentensi mbili. Alafu gawa pesa na uonyeshe: milioni 1.2 redio za lugha za mama, 700,000 baraza za chifu na meza kwa Huduma Centre, 500,000 SMS, 300,000 kupima ufahamu kabla na baada, 300,000 akiba. Ijumlishe, ifike milioni 3 kamili, usiamini vile watu wengi huandika bajeti haijumliki. Sema ujumbe utakuwa kwa Kiswahili na Kizungu maana Katiba kipengele cha 7 inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi, na weka mpango wa lugha ya ishara.

Alafu ongeza kile kitu kinakutenganisha na mtu wa kampuni binafsi: matangazo ya serikali yana utaratibu wake kupitia Government Advertising Agency, manunuzi yanafuata sheria ya manunuzi ya umma ya 2015, na kuna asilimia 30 ya zabuni imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hivyo wachapishaji na wapiga picha utawatafuta hapo. Ratiba yako ionyeshe wiki za manunuzi. Mpango unaosema kampeni inaanza Jumatatu ijayo unaonyesha wazi haujui ofisi ya umma inavyofanya kazi. Malizia na vile utajua imefaulu, namba moja ama mbili, basi. Mistari safi, mwandiko unasomeka.

Siku yenyewe fika mapema kupita vile unadhani ni mapema. Mitihani mingine hufanywa kumbi za vyuo ama Kenya School of Government kule Lower Kabete, na kama unatoka Rongai ama Kayole na kumenyesha, kufika saa mbili asubuhi si rahisi. Beba kitambulisho original, kalamu mbili, penseli, na saa ya kawaida ya mkono maana simu itachukuliwa. Kunywa chai. Kabla ya kuanza soma kama jibu la makosa linakatwa alama, kama halikatwi usiache swali wazi hata moja. Kama una ulemavu ama unahitaji muda zaidi, waandikie mapema kabla ya siku, ni haki yako na usione haya kuiomba.

Ikiwa mtihani ni wa mtandaoni, usiufanyie kwa simu. Tafuta laptopu yenye betri inakaa na simu ya pili yenye bando juu stima ya mtaa inaweza enda katikati ya swali la ishirini, na ukitumia saiba, ongea na mwenyewe siku moja mbele akuwekee mashine ya pembeni yenye kamera inafanya kazi.

Na baada ya hapo, ukikaa kimya kirefu usikubali kuambiwa tu mlikuwa wengi. Katiba kipengele cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuuliza shirika la umma habari zinazokuhusu, na wana siku 21 za kukujibu. Barua iwe fupi: jina lako, namba ya kumbukumbu ya tangazo, tarehe ya mtihani, na kitu unataka, yaani alama zako kwa kila sehemu. Chapisha nakala mbili, peleka mapokezi, ubaki na moja imepigwa muhuri na tarehe. Siku zikipita bila jibu, hio nakala yenye muhuri ndo unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman, na hauhitaji wakili kwa hio.