Kufunga sumaku kwenye bolti ya kumwagia oili, na namna ya kusoma inachokamata

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumhudumia kijana mmoja mwenye Toyota Probox ya injini ya 1NZ-FE, aliyefika gereji na sumaku mbili mfukoni, alizozitoa kwenye diski ya kompyuta mbovu, akitaka nizigandishe kwa gundi ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Nilikataa kuziweka, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo hivyo katika gari langu, na matokeo yake nitayaeleza katika hatua ya kwanza.

Ieleweke kwanza kwamba sumaku haichukui nafasi ya filta. Karatasi ya filta hupitisha chembe ndogo sana, na oili inapokuwa nzito asubuhi au filta inapoziba, vali ya pembeni hufunguka na kuiacha oili ipite bila kuchujwa. Katika hali hizo sumaku husaidia kushika chembe za chuma zilizozidi udogo wa matundu ya karatasi. Aliyewahi kushusha sampu ya gia boksi ya otomatiki ya Toyota ameziona sumaku zilizowekwa humo na kiwanda, zikiwa zimevaa tope jeusi. Hata hivyo, faida ninayoithamini zaidi ni kwamba kila unapomwaga oili, sumaku inakupa ushahidi wa kinachosagika ndani ya injini.

Hatua ya 1: Kuchagua sumaku na kuijaribu

Sumaku za neodimiamu ndizo zenye nguvu kubwa kwa umbo dogo, lakini zinaogopa joto. Daraja la kawaida, lile linaloandikwa kwa mfano N42 bila herufi nyingine mwishoni, hustahimili takriban nyuzi 80 za Selsiasi, ilhali oili ya injini iliyopata moto hufika 90 hadi 120, na hupanda zaidi gari likiwa na mzigo mlimani. Sumaku ikipita kiwango chake hupoteza sehemu ya nguvu, na nguvu hiyo hairudi hata ikipoa. Tafuta daraja lenye herufi SH, linalofika nyuzi 150, au UH, linalofika 180. Sumaku za samariamu na kobalti zinavumilia joto zaidi ya hapo, ingawa bei yake ni kubwa na huvunjika kirahisi. Zile nyeusi za spika ni za feraiti. Joto la oili haliziharibu, ila nguvu yake ni ndogo kwa ukubwa unaoweza kuingia kwenye bolti.

Makosa yangu yalikuwa haya. Nilibandika sumaku ya diski ya kompyuta kwenye ncha ya bolti, na kwa mara tatu mfululizo nilipomwaga oili niliikuta karibu safi, nikajipongeza kwamba injini ni nzima. Mara ya nne niliipasua filta na kukuta nyuzi zinazong'aa katikati ya mikunjo ya karatasi. Nikajiaminisha kwamba ni aluminiamu, kwa kuwa kama zingekuwa chuma sumaku ingezikamata, na kuanzia asubuhi hadi magharibi nilikuwa nikikagua pistoni na kifuniko cha mbele. Jioni, kwa bahati tu, nilipitisha sumaku ya bisibisi juu ya karatasi ile na nyuzi zote zikaruka juu. Nilipoirudia bolti yangu, haikuweza kuinua hata pini moja ya kushonea.

Kwa hiyo sasa sifungi sumaku yoyote, hata iliyouzwa ikiwa tayari ndani ya bolti, kabla ya kuijaribu. Hesabu pini inazoinua ikiwa baridi. Ichemshe ndani ya maji yanayotokota kwa nusu saa, katika kopo bovu na si sufuria ya nyumbani, kisha iache ipoe kabisa kabla ya kuhesabu tena. Kupoa ni muhimu, maana kila sumaku hudhoofika kidogo ikiwa ya moto na hurudi ikipoa. Tunachokitafuta ni upungufu usiorudi. Kama iliinua pini kumi na mbili na sasa inainua tano, itupe. Maji hayafikii joto kamili la oili, kwa hiyo sumaku iliyofaulu hapo rudia kuihesabia pini kila unapomwaga oili.

Gundi siipendi. Inachoka kwa joto na mtetemo, na sumaku iliyobanduka ndani ya injini ni balaa unalojiletea mwenyewe. Nunua bolti ambayo sumaku yake imezamishwa ndani ya chuma na kubanwa kingo.

Hatua ya 2: Kumwaga oili

Mwaga oili ikiwa vuguvugu, kama unavyofanya siku zote.

Hatua ya 3: Kufunga bolti mpya

Bolti ya 1NZ-FE ni ya M12, yaani kipenyo cha milimita 12, yenye uzi wa milimita 1.25 (umbali kati ya uzi na uzi), na kichwa chake huchukua spana ya 14. Ile ya uzi wa 1.5 huingia mizunguko miwili kisha huanza kula uzi wa sampu, hivyo ianzishe kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ilinganishe na ya zamani kwa urefu, kwa sababu sumaku iliyojitokeza sana inaweza kugusa kilicho ndani. Weka washa mpya na kaza kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukazia, hadi takriban Nm (nyutoni-mita) 38. Wanaokaza kwa kuning'inia kwenye spana ndio wanaotuletea sampu zilizokwisha uzi.

Sumaku za kuvalisha nje ya filta sizipendekezi. Kopo la filta lenyewe ni la chuma na hula sehemu kubwa ya nguvu ya sumaku, na chembe zinazoshikwa ukutani mwake ziko upande ambao oili bado haijachujwa, yaani nyingi zingezuiwa na karatasi hata hivyo.

Hatua ya 4: Kusoma kilichokamatwa

Usiipulize sumaku kwa kompresa, kwani chembe zitaruka machoni. Ukiifuta kwa kitambaa utasambaza tope tu. Afadhali ulikwangue kwa kipande cha plastiki na kuliweka kwenye karatasi nyeupe, ulidondoshee petroli kidogo, kisha uliinamishe juani. Tope la kijivu lililo laini kama wanja ni uchakavu wa kawaida, na baada ya injini kufanyiwa overhoo litakuwa jingi katika oili ya kwanza, kwa hiyo mtu asitishike. Kinachotakiwa kukushtua ni vipande vyenye kingo, magamba yanayometa, au nyuzi kama sindano zilizosimama juu ya sumaku.

Sumaku haioni aluminiamu ya pistoni wala shaba, risasi na bati za beringi za kranki. Beringi inaweza kuisha huku sumaku ikiwa na tope laini tu, na ndiyo maana filta nayo lazima ipasuliwe. Usiikate kwa msumeno wa chuma, kwa sababu unga wa msumeno wenyewe ni chuma na utausoma kama ugonjwa wa injini. Tumia kifaa cha kukatia filta, toa karatasi, ibane kwenye jiliwa (vaisi) mpaka oili itoke, halafu ikunjue. Rangi ya dhahabu au wekundu wa shaba inaelekeza kwenye beringi hata kama sumaku haina neno.

Hatua ya 5: Kuweka kumbukumbu

Piga picha ya tope likiwa kwenye karatasi hiyo hiyo nyeupe, ukiwa umeandika kilomita, tarehe na idadi ya pini ambazo sumaku imeinua siku hiyo. Yule kijana wa Probox, ambaye badala ya sumaku zake nilimfungia bolti ya aina hii, alirudi baada ya kilomita 5,000 akiwa na picha mbili. Tope la pili lilikuwa chini ya nusu ya lile la kwanza na pini zilikuwa kumi na moja kwa kumi na moja, nikamrudishia bolti, nikamjazia oili lita 3.7 pamoja na filta mpya, akaondoka.