Kubadilisha rangi ya laptopu kwa vinaili

Rangi ya kupuliza siipendekezi kabisa, huingia kwenye matundu ya hewa. Laptopu yangu ya kijivu niliivisha vinaili ya kijani, plastiki nyembamba yenye gundi, ileile wanayobandika kwenye magari.

Izime, chomoa chaja, futa mfuniko kwa spiriti mpaka mafuta ya vidole yaishe. Kata kipande kizidi mfuniko kwa sentimita 2 kila upande. Bandika kuanzia katikati, ukisukuma hewa nje kwa kadi iliyofungwa kitambaa laini. Usikandamize sana, upande wa pili kuna kioo.

Kazi iko kwenye kona: pasha kidogo kwa drai ya nywele, vinaili ilainike, ivute taratibu ikumbatie kona, ndipo ukate ziada kwa wembe mpya. Wembe butu huichana. Bawaba ziache wazi. Ukiichoka, ipashe tena, itabanduka.