Gogogo akikuchoma: tiba za mwaloni, za kushika na za kuacha

Ukihamia kijiji cha mwaloni, yaani cha ufukweni mwa Ziwa Victoria panaposhushwa samaki, iwe Kayenze, Igombe au ng'ambo ya maji kule kisiwani Ukerewe, utapewa tiba kabla hujaiomba. Zipo za kushika, na zipo za kuitikia "ahsante, bibi" kisha ukaziacha hapo hapo. Tuanze na ya gogogo, maana huyo hachelewi kukupata.

Gogogo ni samaki asiye na magamba, mwenye sharubu, anayelia akitolewa majini. Ana miba mitatu: mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, nyuma ya kichwa. Akishtuka huisimamisha na kuikaza, hailali hata uisukume. Ina meno kama msumeno, na ngozi inayoifunika ina sumu. Ndiyo maana tundu dogo kama la sindano linauma mkono mzima. Wengi huchomwa wakimtegua kwenye wavu gizani kwa mikono mitupu.

Watakwambia usogeze mkono kwenye makaa. Wazo si baya, kwani joto hutuliza maumivu ya sumu hii. Kinachokosewa ni kipimo, na mtu huondoka na jeraha la moto juu ya lile la mwiba. Tumia maji:

1. Ng'oa kipande cha mwiba kinachoonekana, kisha osha kwa maji safi na sabuni. Usinyonye, wala usifunge kamba juu ya jeraha.
2. Chemsha kopo moja la maji, lichanganye kwenye beseni na makopo matatu ya maji ya kawaida. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mchanganyiko huo hufika kama nyuzi 43. Usivuke 45.
3. Pima kwa mkono usiochomwa. Ule uliochomwa unaweza kuwa umekufa ganzi, utaungua usijue.
4. Tumbukiza dakika 30 hadi 90. Maji yakipoa, toa mkono kwanza ndipo uongeze ya moto, upime tena.

Maumivu yakirudi, rudia. Kesho yake ukiona uvimbe unapanda, usaha au homa, kuna kipande kimebaki ndani au kidonda kimeingia vijidudu: nenda zahanati. Chanjo ya pepopunda iulizie hata kama kidonda kinaonekana safi. Mafuta ya taa huunguza ngozi tu. Majivu na kinyesi cha ng'ombe ni kibaya zaidi, maana vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na mavi. Kwenye kitovu cha mtoto mchanga, visikaribie kabisa.

Ya pili ni mwiba wa kooni. Sato ana miba mikubwa unayoiona. Ningu na furu wana midogo, nayo ndiyo hukwama. Dawa ya kila nyumba ni kumeza tonge kubwa la ugali bila kutafuna. Mara nyingine mwiba huteremka nalo, na sifa zikatoka hapo. Mara nyingine tonge huusukuma ukachoma zaidi ukuta wa koo, na kuutoa kukawa kazi ya hospitali. Limau nalo haliyeyushi mfupa kwa muda wa kumeza. Acha kula, kohoa kwa nguvu, kisha mwenzako amulike kwa tochi. Ukionekana wazi, autoe kwa kibano, asiupapase kwa kidole. Ukitoka mate usiyoweza kumeza, ukitema damu au kifua kikiuma, usingoje asubuhi.

Ukwaju ni mzuri kwa aliyefunga choo: loweka kiganja kimoja kwenye maji yaliyochemshwa, kamua, chuja, kunywa. Kosa ni kumpa anayeharisha, kwani unalainisha tumbo. Huyo apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Onja; yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto. Yakipita saa 24, mwaga. Pakiti za zahanati ni bora kuliko haya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, mkimbize zahanati huku mkimnywesha njiani.

Mwarobaini ni mchungu, na uchungu huo umewapa wengi imani kwamba unamaliza malaria. Homa ipimwe kwanza. Kikohozi nacho kina tangawizi na asali, kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, ila mtoto asiyetimiza mwaka 1 asionjeshwe asali hata kwa ncha ya kidole.