Namna ya kupaka haidrojeli kwenye kidonda cha moto

Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda hapa Arua, Uganda, na wengi ninaowafunga vidonda ni watoto waliomwagikiwa chai au maharage kutoka kwenye sigiri. Wakifika, mara nyingi wameshapakwa dawa ya meno au majivu, nami nabaki kuyatoa kidogo kidogo huku mtoto analia. Tafadhali, mama: mtoto akiungua, mmwagilie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, mlete. Jeli itafuata.

Haidrojeli ni wavu wa polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, ulioshika maji, asilimia 70 hadi 90. Kazi yake ni kuzuia kidonda kisikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda chenye unyevu hufunikwa na ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Seli za ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni na kwenye mashina ya vinyweleo. Zikikuta kigaga kikavu, hulazimika kujichimbia njia chini yake.

Nawa mikono. Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, usisugue, kisha kausha ngozi ya pembeni. Paka jeli unene wa milimita 5 hivi, ndani ya kidonda tu. Hapo ndipo nilipokosea nikiwa mwanafunzi: niliipaka mpaka nje, na baada ya siku mbili ngozi nzima ya pembeni ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Siku hizi naipaka ngozi hiyo ya pembeni vaselini kwanza. Funika kwa shashi isiyonata, funga bandeji, badilisha kila baada ya siku 1 hadi 3.

Ukifungua utaona utelezi wa manjano. Usidhani ni usaha. Usaha hunuka, wekundu husambaa, maumivu huongezeka, homa hupanda. Ukiona hayo acha jeli, rudi kwa daktari. Kidonda kinachotoa maji mengi hakiitaki kabisa. Na moto uliozidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au wa uso, mikono, viungo au sehemu za siri, au ulioacha ngozi nyeupe isiyohisi kitu, ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Jeli iliyobaki kwenye tyubu haiwekwi kwa mgonjwa mwingine, hata kama bei yake imekuuma.