Jinsi ya kutafsiri neno kowtow bila kuharibu maana

Kama umekua na muvi za kung fu basi hiki kitu umeshakiona, kijana anamfuata mzee mlimani kuomba afundishwe, anapiga magoti yote mawili, anaweka viganja chini, anainama mpaka paji la uso linagonga sakafu, ko, ko, ko. Hiyo ndo kowtow yenyewe. Kichina ni koutou, kou ni kugonga, tou ni kichwa, yaani kugonga kichwa basi.

Shida inakuja ukikutana nalo kwenye habari za Kiingereza, waziri fulani kawakowtow wafadhili, mtu anakimbilia kamusi anaandika "amewasujudia wafadhili". Hii inaniuma sana jamani, kwa sababu kwetu kusujudu ni kwa Mungu, msomaji anashtuka kama vile waziri kakufuru, kumbe kinachosemwa ni kwamba kajikomba tu.

Kwa hiyo kabla hujagusa kibodi jiulize, kuna kichwa kimegusa ardhi kweli? Kama kipo, eleza kitendo chenyewe, usikimbilie tusi. Mbele ya mfalme wa China enzi za utawala wa ukoo wa Qing ulikuwa unapiga magoti mara 3, na kila mara unagonga kichwa mara 3, jumla 9, na hiyo ilikuwa itifaki ya kawaida ya ikulu, hata maafisa wakubwa wa China wenyewe walifanya.

Ubaya wa neno umetoka kwa Waingereza. Mwaka 1793 balozi wao Macartney alienda kwa mfalme Qianlong akagoma, akasema atafanya endapo tu afisa wa China wa cheo chake naye atafanya hivyohivyo mbele ya picha ya mfalme wao George wa Tatu, na kwa maelezo yao wenyewe akaishia kupiga goti moja. Waholanzi walivyokuja 1795 waligonga vichwa. Halafu 1816 akaja Amherst, naye akakataa, akarudishwa bila hata kumuona mfalme. Kwa Waingereza kitendo kile kikabaki kuwa alama ya kujidhalilisha, na ndivyo neno lilivyoingia kwenye lugha yao, likageuka kuwa kujishusha ili upendwe na mkubwa.

Kama hakuna kichwa kilichogusa ardhi, Kiswahili kimejaa maneno. Kujipendekeza ni la upole, linafaa kwenye gazeti. Kujikomba lina makali kidogo. Kulamba miguu ni zito, na uchawa kila mtu Bongo anaujua ila ni la mtaani, usiliweke kwenye hotuba ya balozi. Ikiwa ni nchi inakubali kila kitu cha nchi kubwa, mi naandika "kusalimu amri" au "kunyenyekea kupita kiasi", inategemea nani anamsema nani.

Na tafadhali uchawa usiupeleke kwenye familia za Kichina. Wapo wanaogonga kichwa mbele ya kaburi la babu, wapo watoto wanaowafanyia bibi na babu mwaka mpya wao ukiingia. Fikiria shikamoo, asili yake inaelezwa kuwa ni nashika miguu yako, halafu mtu aitafsiri kwa wageni kwamba watoto wa Kiswahili wanawalamba miguu wazee wao. Hapo andika tu "aliinama mpaka paji la uso likagusa chini", msomaji ataiona heshima mwenyewe.