Namna ya kukadiria ukosefu wa ajira katika kata: mwongozo kutoka Mtwara

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia afisa maendeleo ya jamii wa kata moja wilayani Newala, aliyetakiwa kujaza idadi ya vijana wasio na ajira huku mezani akiwa na daftari la wakazi, orodha ya wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha masoko ya mazao) na majina ya walioomba mikopo ya halmashauri. Orodha zote tatu ni halali, lakini hakuna iliyoandaliwa kujibu swali hilo, na kuzijumlisha hakuleti jibu.

Hatua ya 1: Fahamu kila rejesta inamhesabu nani

Rejesta za mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, huonyesha hasa waajiriwa wanaochangiwa. Wavuvi, mama lishe na waendesha bodaboda wengi hawamo, ingawa wanafanya kazi kila siku. Daftari la AMCOS humtaja mwanachama, mara nyingi baba mwenye nyumba, na kuwaacha mke na watoto wakubwa wanaookota korosho zilezile. Wanaojiandikisha kutafuta kazi serikalini ni wenye vyeti zaidi, kwa sababu nchini kwetu hakuna posho ya jumla kwa kila asiye na kazi. Fao la kukosa ajira lipo kwa waliokuwa wakichangia hifadhi ya jamii. Kijana wa Nanyamba ambaye hajawahi kuajiriwa hana anachopata kwa kujiandikisha, kwa hiyo hajiandikishi. Tumia rejesta kulinganisha matokeo, usizitumie kuhesabu.

Hatua ya 2: Chagua kaya

Chukua daftari la wakazi kwa mtendaji wa kijiji, lihakiki pamoja na wenyeviti wa vitongoji, kisha chagua kaya kwa kuruka idadi ileile kila mara, mfano kila kaya ya kumi.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu siku saba zilizopita

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usianze kwa kuuliza, "Una kazi?" Kijana wa Mikindani atakujibu, "Sina, nipo tu," na ukiandika hivyo umepotoka, kwani ukimpitisha siku moja moja utagundua kwamba Jumanne aliingia baharini na chombo cha jirani akapewa mgawo wa samaki, akauza nusu. Kwa kipimo cha kimataifa, cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), aliyefanya kazi ya malipo au faida kwa angalau saa moja katika wiki hiyo, hata kama alilipwa kwa vitu, ana ajira. Mama anayebangua korosho nyumbani kwa ujira wa kilo naye yumo, hata kama mumewe amekwisha kukuambia kwamba "huyu yupo nyumbani tu". Kwa sababu hiyo, muulize kila mtu mwenye miaka 15 au zaidi yeye mwenyewe. Usikubali mkuu wa kaya awasemee wote.

Asiyefanya chochote muulize kwanza kama ana kazi au biashara aliyoiacha kwa muda, kwa ugonjwa au msiba, kwani huyo bado ana ajira. Kama hana, uliza mawili, na uyaandike katika safu mbili tofauti: je, alitafuta kazi katika wiki nne zilizopita, na je, ikipatikana sasa yuko tayari kuifanya? Wengi huku wako tayari lakini hawatafuti, kwa kuwa hakuna pa kupeleka barua. Kipimo cha kimataifa kinawatoa katika hesabu ya wasio na ajira. Tafsiri ya kitaifa inayotumiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inawaingiza. Ukiunganisha safu hizo, hutaweza kuzitenganisha tena ukiwa ofisini.

Kuhusu anayelima muhogo wa kula nyumbani pekee, mwandike peke yake. Azimio la wanatakwimu wa kazi wa kimataifa la mwaka 2013 halimhesabu kuwa na ajira, ilhali tafiti za zamani zilimhesabu, na bila safu yake hutaweza kulinganisha na miaka ya nyuma.

Kwa ukusanyaji ninapendelea KoboCollect, programu ya kujazia madodoso kwenye simu, kuliko karatasi, kwa sababu hufanya kazi bila mtandao na, ukiliweka swali kuwa la lazima, humzuia mdadisi kuliruka.

Hatua ya 4: Rudia msimu mwingine

Novemba korosho ziko chini ya mikorosho na karibu kila mkono una kazi. Aprili hali ni tofauti kabisa. Kwa Lindi, angalia pia mavuno ya ufuta. Takwimu ya duru moja isiitwe ya mwaka.

Hatua ya 5: Kokotoa

Excel inatosha. Tuseme umehoji watu 240: wenye ajira 150, wasio nayo wanaotafuta na walio tayari 18, walio tayari bila kutafuta 22, na 50 ni wanafunzi, wazee na wengine walio nje ya nguvukazi. Kipimo cha kimataifa ni 18 kwa nguvukazi ya 168 (150 na 18), yaani asilimia 10.7. Ukiwaongeza wale 22, inakuwa 40 kwa 190, yaani asilimia 21.1. Watu ni walewale. Peleka halmashauri takwimu zote mbili, kila moja na tafsiri yake, pamoja na tarehe za wiki uliyoiulizia.