Kifurushi cha kamera za CCTV: namna ya kukipanga na kukipigia bei

Mteja anayetaka kamera haulizi bei ya konekta. Anauliza: "Kamera nne, mpaka nizione kwa simu, ni pesa ngapi?" Ukimpa orodha ya vitu kumi, kila kimoja na bei yake, ataizungusha Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, duka kwa duka, kisha arudi akudai bei ya jumla. Ndiyo maana kazi hii huuzwa kwa bei moja. Ila bei moja ina mtego wake: chochote usichokiandika, mteja anahesabu kuwa kimo ndani ya bei.

Anza na kifurushi cha kamera nne, kwa sababu ndicho kinachotosha nyumba ya kawaida au duka lenye stoo. Bei zilizo hapa chini, kwa shilingi za Kenya, ni za mfano tu. Weka zako za wiki hii.

- Kamera 4 za megapikseli 2: 7,200
- Mashine ya kurekodi (DVR) ya chaneli 4: 4,500
- Diski ya 1TB: 5,500
- Adapta ya volti 12, ampea 5: 900
- Waya wa mita 100 wenye picha na umeme pamoja: 3,000
- Konekta za BNC (za waya wa picha) 8 na jeki za umeme: 400
- Trankingi (mifereji ya plastiki ya kufichia waya), skrubu, klipu: 600

Vifaa vimefika 22,100. Ongeza mafundi wawili kwa siku moja, 3,500, na usafiri 800. Jumla 26,400. Sasa ongeza asilimia 5, yaani 1,320, ya safari za kurudi. Wengi huiruka hii, na utarudi tu, hata kama ni kwa sababu mtoto amechomoa plagi. Gharama kamili ni 27,720.

Ukitaka faida iwe asilimia 25 ya bei ya kuuza, usizidishe gharama kwa 1.25. Hiyo inakupa 34,650, na faida yake ni asilimia 20 tu ya bei. Gawanya kwa 0.75: unapata 36,960, sema 37,000. Kabla hujakubali kupunguza "kidogo tu", jua kwamba asilimia 10 ya bei hiyo ni 3,700, nayo inakula karibu asilimia 40 ya faida yako. Mteja akibana, punguza kitu badala ya bei: toa kamera moja, au yeye mwenyewe anunue trankingi. La sivyo, mwongezee kitu cha gharama ndogo kwako, kama ziara moja ya kusafisha lenzi baada ya miezi mitatu. Ziara hiyo si mapambo. Buibui hupenda kujenga kwenye kamera, na utando ukicheza mbele ya lenzi usiku, mashine inarekodi kila dakika ikidhani kuna mtu.

Waya ndio unaokula faida kimyakimya. Mita 100 zinatosha nyumba ndogo, lakini kwenye ploti ya ghorofa tatu zinaisha kamera ya pili. Pima njia ambayo waya utapita, kona na kupanda ukuta, wala si mstari ulionyooka. Acha mita 2 kila mwisho, kisha ongeza asilimia 10. Andika kwenye kifurushi: "hadi mita 100, kila mita inayozidi inalipiwa," na utaje bei yake. Usiokoe pesa kwa waya mwembamba wa alumini iliyopakwa shaba. Mchana kila kitu kitaonekana sawa. Giza likiingia taa za infraredi zinawaka, kamera inavuta umeme zaidi, volti zinashuka njiani, na kamera ya mbali inazima na kuwaka usiku kucha. Hiyo ni safari ya kurudi, tena ya bure.

Ahadi nyingine inayoleta kesi ni siku za kurekodi. Kamera ya megapikseli 2 ikirekodi megabiti 4 kwa sekunde hutumia takriban GB 43 kwa siku. Nne zinatumia 173, kwa hiyo 1TB hujaa siku ya sita na mashine inaanza kufuta picha za zamani. Mfumo wa H.265, unaobana video zaidi, ukirekodi megabiti 2 unakupa kama siku 11. Anayetaka mwezi mzima muuzie diski kubwa zaidi. Usimwandikie "siku 30" kwa sababu tu jirani yako dukani ameandika hivyo.

Vifurushi vitatu vinatosha: kamera 2, 4 na 8. Kile cha kati kiwe na chaguo la DVR ya chaneli 8 kwa nyongeza ndogo, kwa maana ile ya chaneli 4 imejaa siku hiyohiyo. Mteja akitaka kamera ya tano ya aina hiyohiyo baadaye, atalazimika kubadilisha mashine yote, na lawama ni zako. UPS, yaani betri ya akiba, iuzwe pembeni. Stima ikipotea isaidie rauta pia, la sivyo picha zinarekodiwa lakini simu haioni kitu.

Malipo: chukua asilimia 65 kabla ya kununua vifaa. Kwa bei yetu ni 24,050, inayofunika vifaa na usafiri. Inayobaki ilipwe kwenye till siku ya kumaliza, mteja akiwa ameona picha zote nne kwenye simu yake. Akaunti ifunguliwe kwa simu yake, si ya fundi, na nywila ya kiwandani ibadilishwe mbele yake.

Mteja wa ofisi ataomba risiti ya eTIMS, mfumo wa kodi wa KRA wa risiti za kielektroniki. Sema mapema kama bei ina VAT ya asilimia 16 au la. Kwa ofisi na ploti weka pia bango la kutangaza kamera, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka watu wajue wanaporekodiwa.

Dhamana igawe mara mbili kwenye karatasi: vifaa kwa muda ule duka lako la jumla linaokupa, kazi ya mikono kwa miezi mitatu. Radi, panya na fundi mwingine aliyefungua boksi, nje.